Wakati wa Mbelewele

Kila mwaka mahindi yakitoa mbelewele, yale maua ya kileleni yenye vumbi, mimi huwa kichekesho cha kijiji chetu cha Itiryo. Pua inachuruzika, macho yanavimba, napiga chafya mpaka ng'ombe wanageuka kunitazama. Kwetu mwanaume halii. Amesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, atalia nini ukubwani? Watu walikuwa wananiuliza nimefiwa na nani, nami nacheka nao.

Mke wangu, mzaliwa wa Kenyamonta, alikuwa na dawa moja tu: maji. "Kunywa wewe, hiyo aleji itatoka na mkojo," alikuwa akiniambia, jagi mkononi. Daktari wa Tarime alitueleza wazi kwamba maji yanalainisha makamasi na kupoza koo lililokauka, basi. Mzio wenyewe hauzimwi kwa maji. Akanipa vidonge. Mke wangu alimsikiliza kwa adabu zote, na tulipofika nyumbani akaniletea kidonge na jagi zima. Sikuwahi kumshinda kwa ubishi mwanamke yule. Koo lilipoa kweli, macho yakaendelea kuwasha.

Alifariki mwaka jana, ghafla, mbelewele zikiwa zimechanua shamba zima. Jeneza lilipoteremshwa, nililia. Nililia mabega yakitikisika, mbele ya wazee na wanakwaya, na sikuona aibu. Hakuna aliyeshtuka. Kaka yangu mkubwa, ambaye nilidhani atanikaripia, alinishika bega akawaambia watu, "Mwacheni, ni ile aleji yake. Mleteeni maji." Nikaletewa kikombe. Nikanywa, maana sikuwa na sauti ya kubisha.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa kaburi, ameinamisha kichwa. Kwetu mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na neno zito hupitia kwa mtu mwingine. Ndiyo heshima, na nilikuwa nimeitunza miaka yote bila kuhisi uzito wake. Siku hiyo nilitaka jambo moja tu: mama yule ajue kuwa mwanawe ameliliwa na mumewe. Nikamtuma dada yangu. Niliwaona wakinong'ona, kisha dada akarudi.

"Usiwe na wasiwasi, nimekusitiri," akasema. "Alikuwa ameanza kuuliza kama ulikuwa unalia, nikamwambia huwa ni mahindi. Amesema pole sana, unywe maji."

Nilitamani kumpigia kelele, lakini alikuwa amefanya alichofundishwa, kuficha aibu ya kaka yake. Kumtuma mtu mwingine kungemfanya dada aonekane mwongo mbele ya wakwe, msibani. Moyo uliniuma kuliko nilipotupa udongo kaburini.

Kesho yake gari lilikuja kumrudisha mama mkwe Kenyamonta. Nilisimama nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa, nikisikiliza wanawake wakimuaga. Aliondoka akiamini kwamba mume wa binti yake hakumlilia.