Jini Mzuri wa Darasa Letu

Meno yangu hufika darasani kabla yangu, kwa hivyo kila mchezo wa kuigiza mimi ndiye zimwi. Mwaka jana tulipotaka kurekodi hadithi ya shujaa na jini kwa simu ya mwalimu, nikapewa ujini bila kuulizwa. Ushujaa akapewa yule mvulana mzuri wa darasa, anayejitazama hata kwenye kijiko.

Upanga wa mbao wa shujaa, uliotundikwa ukutani darasani, niliutamani muhula mzima. Nikanyoosha mkono.

“Mwalimu, nani hapa Malindi amewahi kusikia jini mwenye sura mbaya? Jini huja mzuri, ananukia udi. Ukimtazama miguuni ndipo unapoona kwato za punda.”

“Kweli, mwalimu!” darasa likaitikia. Kila mmoja ana bibi aliyemsimulia hivyo.

Mwalimu akacheka, akamgeukia yule mzuri. “Basi mwanangu, vua viatu tukufunge vifuu vya nazi, viwe kwato.”

“Lakini mimi nina sura ya shujaa!”

“Ndiyo hiyo itakayotutisha,” nikamwambia.

Upanga ukawa wangu, nikamfukuza uwanja mzima, vifuu vikimlia koko-koko. Tulipowaonyesha video watoto wa shule ya msingi jirani, mmoja alinifuata hadi langoni akiniita shujaa mbele ya watu. Sikumkataza.