Kundi la Kijitabu

Kura ya kugawa makundi ya utafiti wa magoti ilipopigwa, Mama Pasi aliangukia kundi la pili, na moyo ukamlipuka. Kundi la kwanza lingefanya mazoezi ya kukaza mapaja mara tatu kwa wiki, chini ya daktari wa viungo. Kundi la pili lingepewa kijitabu cha ushauri, basi. Na magoti yake yalikuwa taabani: miaka kumi na tisa ya kusimama akipiga pasi mashuka ya hospitali, hata ngazi ya vidato vinne aliipanda upandeupande.

Kilichomkosesha raha zaidi ni bintiye. Alivunjika nyonga, mfupa ukaunga, lakini miguu ilibaki haina nguvu, na sasa alisubiri zamu ya kuingia chumba cha mazoezi cha hospitali, kisicho na mhudumu wa kudumu. Daktari aliwaeleza wazi wanawake wa chumba cha kufulia: utafiti ukionyesha kwamba wafanya mazoezi wamewapita wenzao, wakubwa wa hospitali wataajiri mtu na foleni itasogea. Usipoonyesha, chumba kitageuzwa stoo.

Wifi yake aliangukia kundi la kwanza, na wifi huyo tangu azaliwe hajui kula peke yake. Alichofundishwa jana, leo alikimwaga kwa Mama Pasi nyuma ya mashuka yaliyoanikwa: keti, nyoosha goti, hesabu hadi kumi, na usinidanganye, nakuona. Wenzao wa kijitabu wakasogea mmoja mmoja. Kizuri kula na nduguyo. Nani angemnyima mwenzake nafuu kwa ajili ya kikaratasi cha kura? Wiki ya nane Mama Pasi alipanda ngazi akitazama mbele, akalia kwa furaha.

Wiki ya kumi na mbili walipimwa. Daktari akawaita, macho mekundu. Maumivu yamepungua, alisema, na mapaja yamepata nguvu, lakini makundi yote mawili ni sawasawa. Wakubwa wameamua kwamba kijitabu kinatosha. Chumba kinafungwa Ijumaa.

Mama Pasi alifungua kinywa. Wifi alimfinya mkono anyamaze, wasije wakaonekana matapeli. Anyamaze vipi, na mwanawe yuko kitandani? Akasimama.

"Daktari, mimi kijitabu sijakifungua. Nimefanya mazoezi. Wifi alinifundisha."

Daktari aliuliza, "Mlikuwa wangapi?"

Kisha mkono mmoja ukainuka, wa pili, wa tatu, mpaka kundi zima la kijitabu likawa limeinua mikono.

Daktari alikaa kitako juu ya mkeka. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema taratibu kwamba hesabu zile, kwa kuwa makundi yote mawili yamefanya mazoezi, sasa si za kutumika popote, na kuanza upya kunataka kibali kipya, ambacho hakuna atakayempa.

"Kwa hiyo mazoezi yanasaidia," Mama Pasi alisema.

"Yanasaidia, mama."

"Na binti yangu? Ni wa tatu kwenye foleni."

"Hakuna foleni tena," alisema daktari, akaanza kukunja mikeka.