Ruhusa ya Mtoto wa Watu

Bibi yule alipita mbele ya lango la hospitali kuu ya Juba akiwa amembeba mgongoni mjukuu aliyekuwa akipumua kwa shida, na hakuingia. Aliendelea kutembea juani mpaka Atlabara, kwenye ua nilimopanga chumba, akaketi barazani na kuomba maji.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya mkataba wa amani. Nilikuwa nimetoka Kenya kuja kufanya kazi benki, na siku hiyo ya Jumamosi nilikuwa nyumbani nikifua. Mama mwenye nyumba alikuwa amerudi kutoka ukimbizini Uganda. Yeye na bibi walitoka kijiji kimoja, ng'ambo ya mto. Bibi alijua Kibari tu, kwa hiyo mama mwenye nyumba ndiye aliyenitafsiria.

Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa. Kwa desturi yao hupelekwa kwa mama mzaa mama, akae huko mpaka asahau titi. Kikohozi kilimwanzia huko. Zahanati ya kijiji ilikuwa imefungwa. Mhudumu alikwenda mjini kufuata dawa na hakuwa amerudi. Jirani akamchanja mtoto kifuani kwa wembe, akampaka majivu ya mizizi. Hali ilipozidi, bibi akapanda lori la mkaa kuja Juba.

"Sasa mbona hakuingia hospitali?" nikauliza.

Mama mwenye nyumba akamsikiliza, kisha akanigeukia. "Anasema huyu ni mtoto ya watu. Baba yake na mama yake iko Malakal, kwa kazi ya meli. Hapa Juba iko kaka ya baba peke yake, kule Kator. Bila neno yake, yeye hawezi kumpa daktari."

"Daktari hatauliza hilo."

"Daktari hapana. Lakini mtoto akifia huko ndani, wenyewe watauliza."

Nikainama kumtazama mtoto. Kila alipovuta pumzi, nyama iliyo chini ya mbavu ilididimia na tundu za pua zikapanuka. Hakuwa akilia. Nilidhani ametulia.

Bibi alikuwa na namba ya yule kaka kwenye kipande cha boksi la sabuni. Nilikuwa na simu mbili, kama watu wengi mjini wakati huo, maana mtandao mmoja haukuweza kupiga mwingine. Ya kwanza haikufika. Ya pili ikaita, na sauti ya mwanamume ikajibu kwa Kiswahili. Nikampa mama mwenye nyumba.

"Wewe iko kaka ya baba ya mtoto?"

"Mimi iko mtu ya kuchaji simu," sauti ikasema, jenereta ikinguruma nyuma yake. "Simu ameacha hapa. Mwenyewe atakuja jioni, akimaliza kunywa."

"Anakunywa wapi?"

"Mama, kama najua, si mimi pia iko huko?"

Akakata. Bibi alikuwa ameinua uso tangu aliposikia sauti ya kiume. Mama mwenye nyumba aliendelea kushika simu sikioni kwa muda, ingawa hakukuwa na mtu tena upande wa pili. Kisha akasema neno fupi kwa Kibari. Bibi akasimama papo hapo, akamfunga mtoto mgongoni.

"Umemwambia nini?"

"Kaka amesema waende."

"Na huyo kaka akija jioni?"

"Jioni iko mbali. Wewe Mkenya, kila siku iko na haraka, leo ndiyo unataka kukaa? Kalas, imeisha, ita boda."

Hospitalini muuguzi alifunua kifua cha mtoto, akaona chale, akagomba. Nimonia, alisema. Nilipomwambia kwamba angalau halii, alinitazama kwa mshangao: kulia kunataka pumzi. Wakamwekea mpira wa oksijeni puani.

Kesho yake, baada ya misa, mimi na mama mwenye nyumba tulirudi wodini. Kaka wa baba alikuwa amefika kabla yetu. Jumamosi jioni, alipochukua simu yake, alipiga namba yangu, na mama mwenye nyumba akamwambia tu mtoto yuko wapi, basi. Bibi alikuwa amemshika huyo kaka mkono kwa mikono yake yote miwili, akimshukuru kwa maneno marefu. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama mama mwenye nyumba, naye hakukwepesha macho. Akazitazama alama za wembe. Hakukana kwamba alitoa ruhusa, wala hakukubali. Mtoto alikuwa bado kwenye oksijeni.