Kadi Namba 417

Kwenye ofisi yetu ya ramani kila kitu kina lebo. Kiti kina lebo, feni ina lebo, hata fagio la chooni lina namba, na namba hiyo imo kwenye daftari la mtunza bohari, mzee tuliyempachika jina la Mzee Lebo. Sisi waajiriwa nasi tuna namba zetu; asiye na namba humu ndani alikuwa mmoja tu, fundi wetu wa kompyuta.

Tunamwita Dada Waya. Miaka tisa amefanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mimi ni karani wa masjala, najua, kwa sababu barua zake za kuomba ajira ya kudumu ninazo zote kwenye faili. Zimefika kumi na nne. Jibu hata moja hakuna.

Mwaka huu ofisi ikanunua kadi ya kuongeza kasi, kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kazi ya kusoma ramani kuukuu, iliyokuwa inachukua siku kumi na moja, iishe kwa mchana mmoja. Kamati ya mapokezi ikaipokea kwa soda. Mzee Lebo akaibandika namba 417, akasimamia ichomekwe mbele ya macho yake, kisha akaufunga mfuniko wa kompyuta kwa karatasi yenye muhuri, wajanja wasije wakaibadilisha. Ndipo Bosi akamwita Dada Waya.

"Wageni wanakuja Ijumaa," akasema. "Ikifanya kazi, barua yako ya kudumu naisaini. Isipofanya, mkataba wako ndio basi tena, na huo mfumo wako wa bure tunautupa."

Kompyuta ile inaendeshwa na mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha. Bosi hajawahi kuuamini. Kwake yeye, kitu kisicho na risiti ni cha wizi.

Kadi haifanyi kazi bila draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea nayo. Jumatatu Dada Waya akaipakua, ikagoma, kwa kuwa mfumo ulikuwa mpya kuliko draiva. Akatafuta toleo jingine, akalijenga upya mwenyewe, mistari ikitiririka kwenye skrini mpaka chai yake ikapoa. Jumanne kompyuta ikakataa kuipokea: draiva haina saini inayotambulika.

Bosi alifurahi sana kusikia hivyo. "Mmeona? Hata kompyuta inajua utaratibu!"

Dada Waya akatengeneza ufunguo wake wa saini, akausajili, akaisaini draiva. Nilimwonea wivu. Humu ndani hakuna aliyewahi kupata saini kwa dakika ishirini. Draiva ikaingia, tukapeana mikono, kisha skrini ikaandika: hakuna kifaa.

Jumatano, hakuna kifaa. Alhamisi asubuhi, hakuna kifaa. Akaitoa draiva, akairudisha, akawauliza mafundi wa mtandaoni wasiomjua, wakamjibu kwa adabu kuliko sisi tunaomjua. Mimi nami nilikuwa nimeshaanza kumchukia kwa kushindwa, Mungu anisamehe.

"Fungua mfuniko," nikamwambia.

"Na muhuri wa Mzee?"

"Mzee yuko semina mpaka kesho."

"Ndugu yangu, nikiuchana nimekwisha."

"Na usipouchana?"

Akauchana. Akachomoa kadi, akaigeuza, akakaa sakafuni. Lebo namba 417 ilikuwa imebandikwa juu ya yale meno ya rangi ya dhahabu, sehemu ambayo kadi inagusana na kompyuta. Mzee alichagua panapong'aa. Dada Waya akaibandua kwa ukucha, taratibu, akasafisha gundi kwa spiriti na kifutio cha penseli, akairudisha kadi mahali pake. Lebo hakuthubutu kuitupa. Akaibandika nyuma ya kitambulisho chake.

Ijumaa ramani zikasomeka chap chap, wageni wakapiga makofi, na Bosi akahutubia dakika arobaini kuhusu alivyopigana na teknolojia. Dada Waya hakutajwa. Wageni walipoondoka, akaulizia barua yake.

"Tusubiri kikao," Bosi akasema, akamsogezea mkataba mwingine wa miezi mitatu. Roho iliniuma kweli.

Hapo akaingia Mzee Lebo na daftari lake. "Muhuri wangu umechanwa. 417 iko wapi?"

Dada Waya akakigeuza kitambulisho kilichoning'inia kifuani. Mzee akavaa miwani, akaisoma namba, akatia alama ya vema. "Ipo. Hali nzuri." Bosi akasaini ukurasa wa daftari bila kuusoma, kama kawaida yake.

Dada Waya akautazama ukurasa ule, kisha mkataba.

"Huu sitausaini, Bosi," akasema polepole. "417 ni mimi, mali ya ofisi, umesaini mwenyewe sasa hivi. Mali ya ofisi inakodishwa miezi mitatu mitatu?"

Bosi akacheka, akamgeukia Mzee Lebo ili wacheke wote. Mzee hakucheka.

"Haikodishwi," akasema, akilaza kiganja juu ya daftari. "Na kuifuta 417 humu kunataka kikao cha bodi, mkaguzi, na saini tano."

"Na kumwajiri huyu?" Bosi akauliza.

"Saini yako tu."

Bosi akatazama saa yake. Ilikuwa saa tisa na nusu, saa ya kufunga ofisi, Ijumaa. Akanyoosha mkono kuomba kalamu, nikampa yangu. Nayo ina lebo.