Nilivyojikaza mbele ya mkwe nikaambiwa nina ukoma, kumbe ni TB ya ngozi

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee wa Mwamkulu, Mpanda. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Miaka ya hamsini nimetoka sekondari, nimemposa Yustina, binti wa kijiji cha Magamba.

Mara shavuni kikatoka kijipele. Kikatanuka polepole mpaka kikawa doa gumu lenye magamba. Watu wakaanza kunong'ona: ukoma huo.

Baba mkwe akasema twende wote hospitali. Ikiwa ukoma, posa imevunjika. Yustina akaja, na bibi yake naye hakukubali kubaki.

Ndani nikaingia na baba mkwe na bibi, Yustina akabaki nje. Daktari akanifunga macho kwa kitambaa, akachoma doa kwa pini.

"Unasikia?"

Wakuu, nilisikia mpaka kisogoni! Ila kwetu mwanaume halii maumivu, sembuse mbele ya mkwe. Nikakaza meno.

"Sisikii kitu."

Akachoma tena.

"Sisikii!"

Nikajua nimewakoga.

Kufunguliwa macho, daktari kanuna. "Doa limekufa ganzi. Inaelekea ni ukoma."

Baba mkwe akachukua kofia yake, akatoka. Nje nikamsikia Yustina analia. Hata hapo nikaona aibu kukiri uongo wangu.

Sasa bibi wa mchumba kwetu ni mtani, anakuita mume. Akanisogelea kama anayeaga.

"Haya, mume wangu, kwaheri." Akaliminya doa kwa kucha.

"Mama weee! Bibi unaniua!"

"Daktari," akasema, "ganzi yako inapiga kelele."

Nikaungama yote. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Akapima upya, kila pini nikaruka. Akakata kipande kidogo cha ngozi, kikapanda treni kwenda Tabora kupimwa.

Majibu: TB ya ngozi. Inatibika!

Nilichomwa sindano za streptomycin na kumeza vidonge miezi mingi. Kukaa kwenye kiti ikawa kazi, na bibi akija kunisalimia ananiuliza, "Mume wangu, leo unasikia?" Doa likanywea, likabaki kovu.

Tukaoana. Lakini kile kilio cha nje bado kinaniuma, maana nilikisababisha mimi kwa kiburi changu. Yustina alinisamehe kwa namna yake: miaka yote, nikisema "siumwi", ananionyesha kucha.

Vijana, daktari akiuliza kama inauma, mwambieni ukweli, hata mkwe akiwepo.

Nyie je, nani kashawahi kumdanganya daktari kwa kuona haya? Semeni, miwani ya kusomea ninayo.