Mlango wa Pikapu ya Baba

Harufu ya rangi iliyochanganywa na tina ya kuiyeyushia ilijaa uani kwetu Mabatini, Mwanza, karibu kiangazi kizima. Iliingia kwenye ugali, kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye Biblia ya Mama iliyokaa dirishani. Harufu yenyewe sikuwahi kuichukia. Ninachokichukia mpaka leo, na Mungu anajua nimeomba aniondolee, ni sababu iliyoileta.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga na pikapu ya kijani ya kubebea magunia, lakini gari lile lilikuwa la mtaa mzima. Mgonjwa akizidiwa, walikuja kwetu. Maiti ikitakiwa kupelekwa kwao Kisesa au Bujora, walikuja kwetu. Siku moja ya mvua, akimkimbiza mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, Baba aliteleza kwenye matope na ubavu wa gari ukabamiza jabali. Mwanamke yule alijifungulia humo humo garini, na yeye na mtoto wakafika salama. Mlango haukufaa tena. Baba akapata mwingine kwenye gari bovu kule Buzuruga, mzima kabisa, ila mwekundu kama udongo wa kichuguu. Akaufunga, akamshukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Kisha ikatangazwa kwamba askofu anakuja, na kwa kuwa kanisani kwetu hakukuwa na gari jingine, Baba ndiye angempokea. Nieleze jambo hili lilikuwa na uzito gani kwake. Baba hakujua kuhubiri wala kuimba, na mbele za watu ulimi wake ulikuwa mzito. Kuendesha gari ndiyo huduma pekee aliyokuwa nayo ya kumtolea Mungu. Basi Mzee Lukasi, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, akaja nyumbani, akalizunguka gari mikono ikiwa nyuma kama mtu aliye mnadani anayetafuta kasoro ya ng'ombe.

"Ndugu yangu, askofu hawezi kupanda gari lenye kiraka," alisema. "Lipake liwe rangi moja."

Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Yule mama alipokuwa anazaa humo, Mzee, hakutuuliza rangi."

Baba alimtuliza, akaanza kazi. Aliusugua mlango kwa msasa na maji hadi wekundu ukaisha. Kijani cha dukani hakikuwa kijani chetu, maana chetu kilikuwa kimechujuka kwa jua kikawa kama jani la muhogo lililoanza kunyauka. Akawa anachanganya mwenyewe kwenye kopo: njano kidogo, nyeupe, tone la nyeusi. Rangi mbichi hudanganya, kwa hiyo alipaka kwanza kipande cha bati, akakiacha kikauke, kisha akakishikiza kwenye bodi ya gari kivulini na kutuita tuangalie. Mama ndiye aliyekuwa hakimu. "Hilo ni jani la mgomba, Baba Ester. Gari letu ni muhogo." Kesho yake tena, bado. Siku Mama aliponyamaza, tulijua imekubali.

Alipulizia kwa bomba la dawa ya pamba alilolisafisha vizuri. Mkono wa mwisho wa rangi ulikuwa haujakauka pale wingu la wadudu wa ziwani lilipoinuka majini kama moshi, upepo ukalisukuma hadi uani kwetu. Wakatua mlangoni wakanata. Baba aliweka bomba chini. Alisubiri ukauke, akasugua, akapaka upya. Kwa macho usingeutambua ule mlango kuwa ni wa gari jingine, lakini kwa kiganja ulisikia unaparuza hapa na pale.

Mzee Lukasi alipitisha kiganja. "Limeota vipele hili," akacheka. Ndipo akatuambia kwamba gari jeupe la mfanyabiashara mmoja lilishapatikana. Lilikuwa limepatikana zamani, Baba akiwa bado anasugua, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Jumapili Baba alisimama kando ya barabara pamoja nasi, tawi mkononi, askofu akapita.

Haukupita muda mrefu mama yake Mzee Lukasi akaugua ghafla. Gari jeupe lilikuwa safarini. Mzee Lukasi alipobisha hodi kwetu nilisubiri Baba amuulize habari za vipele. Baba alichukua funguo. "Mwekee godoro nyuma, Mzee," alisema, "barabara ni mbaya."

Siku hizi Mwanza rangi ya gari inachanganywa kwa kompyuta, na mlango unaweza kurudi jioni ukiwa kama mpya. Nashukuru kuliona hilo kwa macho yangu. Lakini majuzi kamati ya jubilei ya kanisa letu ilituma ujumbe kwenye simu: msafara wa mgeni ni magari meupe tu, yasiyo na mkwaruzo. Mjukuu wangu, ambaye gari lake limebeba wagonjwa wa jumuiya yetu tangu alinunue, akaambiwa aliache nyumbani.

Nilikwenda kwenye kikao chao. Walinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikaomba nafasi. Nikasema, "Gari lisilofaa kumbeba mgeni wenu, futeni na namba yake kwenye simu zenu. Mkizidiwa, pigieni hayo meupe." Nimefundishwa subira tangu utotoni na nimeiishi, lakini subira ya baba yangu haikuwa ruhusa ya kumdharau.

Tulipotoka, mjukuu wangu alininong'oneza kwamba wakipiga atakwenda tu. Najua atakwenda. Ndiyo maana ilibidi niseme mimi.