Mwenye Degedege Hapigwi Sindano

Mavi ya tembo yakikauka hayanuki vibaya kama unavyodhani. Ukiyaweka juu ya makaa yanatoa moshi mzito, mweupe, wenye harufu ya majani makavu na udongo uliolowa, kisha nyuma yake kinakuja kitu kikali cha kukamata koo. Mwaka jana nilipita Ngorongo kikazi, nikakuta wakulima wanayachoma pembezoni mwa mashamba, wameyachanganya na pilipili ili kuwafukuza tembo wenyewe. Moshi ukaingia garini. Wenzangu wakafunga vioo huku wanakohoa. Mimi niliduwaa. Nilikuwa nimerudi Bungu, nina miaka tisa, na mdogo wangu Mkumba amelazwa mkekani, macho yamegeuka meupe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Mitumba ilikuwa imeingia, sabuni za rangi zimerudi madukani, na mabasi ya kusini yalisimama Bungu ili abiria wanunue mihogo ya kukaanga ya mama yangu. Baba alikuwa mkata mikoko huko delta ya Rufiji. Akiondoka leo tunamwona baada ya mwezi. Mwanamume wa nyumba alikuwa baba mdogo Hamisi, aliyetoka kusoma dini Dar es Salaam akiwa na suruali iliyokatwa juu ya vifundo na hoja nyingi. Alitukataza hirizi, akatukataza ramli, akatukataza hata kusema kwamba bundi akilia ni mkosi. Lakini bundi alipolia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta shuka.

Mwisho wa kijiji, kwenye mikorosho, aliishi Bibi Somoe. Watu wazima walimwita fundi, na wakilitaja neno hilo walishusha sauti. Sisi watoto tulijua kwamba amefuga jini kwenye chupa ya soda. Tulipita mbele ya nyumba yake tukiwa tumebana pumzi. Siku moja nilimwona akiimimina ile chupa kiganjani, yakatoka mafuta ya nyonyo, akajipaka magotini. Hilo halikunituliza hata kidogo. Kwani jini atashindwa kujigeuza mafuta?

Asubuhi ile Mkumba aliamka na homa. Alikuwa na miaka miwili na ushee, mnene, mchekaji, hana anachokijua ila kunifuata nyuma. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimempakata kibarazani, nikasikia mwili wake umekuwa mgumu kama kuni. Meno yakaumana, mikono ikaanza kuruka, povu likatoka pembeni mwa mdomo. Nilipiga ukelele. Mama alikuja mbio kutoka barabarani, mikono imejaa mafuta, na majirani nyuma yake. Nikasikia lile neno linapita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine: degedege.

Kwetu kila mtu aliijua habari yake. Ni ndege. Hupita juu ya paa mahali palipolala mtoto, kivuli chake kikamwangukia. Na kila mtu alilijua sharti: mwenye degedege hapigwi sindano. Ikimwingia, ndege huondoka na roho. Hata ushahidi ulikuwepo. Mtoto wa jirani yetu alipelekwa Kibiti akitetemeka vile vile, akapigwa sindano, akarudishwa amefunikwa kanga.

Baba mdogo alitoka msikitini akiburuta baiskeli.

"Shemeji, nipe mtoto. Kuna lori la mkaa linapakia pale njiani, tutalidaka."

"Unampeleka wapi?"

"Hospitali. Hii ni malaria, shemeji. Hakuna ndege wala nini, hiyo ni shirki."

Mama alimkumbatia Mkumba mpaka nikaogopa atamvunja. "Hamisi, ukimpeleka kwenye sindano leo, andaa makaburi mawili."

Walivutana pale kwa maneno, yeye anataja aya, mama anataja jina la mtoto wa jirani, na katikati yao mdogo wangu anaruka. Hakuna aliyeniangalia mimi. Nikakimbia.

Nilipofika kwenye mikorosho sikupiga hodi wala sikutoa shikamoo. Bibi Somoe alikuwa anapepeta mchele. Nilisema tu, "Bibi, Mkumba!" na machozi yakamaliza sentensi. Aliweka ungo chini, akachukua mkoba wake wa ukindu, na yule bibi wa magoti mabovu akatembea kwa kasi ambayo mimi niliifuata kwa kukimbia. Njiani aliniuliza mambo ambayo sikutegemea fundi wa majini ayaulize. Homa imeanza lini? Amekojoa leo? Ametapika? Alianguka mara moja, au alitulia kisha ikamrudia?

Alipoingia uani watu walimpisha. Baba mdogo alisimama mlangoni.

"Bibi, mambo yako humu ndani sitaki."

"Wewe soma, ustadhi," akamjibu bila kusimama. "Qurani ya Mungu sijaikataza. Soma kwa sauti, nami nikusikie."

Sijui ni kwa nini baba mdogo alimpisha. Nadhani ni kwa sababu aliambiwa afanye kile anachokiweza.

Ndani alimnyang'anya jirani kijiko alichokuwa anataka kumtia Mkumba mdomoni, akamlaza ubavu, akamfuta povu kwa ncha ya kanga. Akamvua nguo zote. Akaagiza maji, akavuruga ndani yake majani ya kivumbasha, akawa anachovya kitambaa na kumpangusa kichwa, makwapa, miguu. Ndipo akatoa mkobani bonge la kahawia la mavi ya tembo, akaliweka kwenye chetezo, na moshi ukajaza chumba. Alisema maneno ya Kindengereko cha zamani, ambacho hata mama hakukijua chote. Mlangoni baba mdogo alikuwa anasoma Yasini kwa sauti inayotetemeka. Sauti mbili zile zilipandana, zikashuka pamoja, na mimi niliyekaa kwenye kona nikaona kama nyumba yetu ndogo ya udongo imekuwa kubwa mno, haina kuta. Sijawahi tena kusikia kitu kama kile, na nimesikia mengi.

"Atatulia kabla moshi huu haujaisha," alisema Bibi Somoe, akionyesha chetezo.

Akatulia. Mikono ililegea, macho yakafumba, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Bibi Somoe akainuka, akashika kaniki yake nyeusi, akaipunga mara tatu kuelekea makutini. Nje watu wakapiga kelele. Nilichungulia dirishani na nikamwona: ndege mkubwa wa kijivu, anaondoka kwenye paa letu, anapiga mabawa polepole kuelekea mtoni.

Bibi Somoe alimfunga Mkumba uzi mweusi mkononi, kisha akamshika mama mabega yote mawili, akamtazama.

"Mwanangu, nisikilize. Ndege kesha kwenda zake. Nimemfunga, harudi. Sasa sindano haina cha kumfanya. Lakini ugonjwa wake umebaki damuni, na huo si wangu, ni wa Kibiti. Mpeleke sasa hivi. Jua likizama hamjafika, usinililie mimi."

Mikono ya mama ikafunguka. Nakumbuka vidole vyake, kimoja kimoja. Baba mdogo alimpokea mtoto, tukalidaka lori la mkaa, mimi nimepanda kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunishusha.

Kibiti tulipokelewa na nesi mrefu mwenye sauti kali. Alimnusa Mkumba kabla hajamgusa.

"Mavi ya tembo! Mnakaa nao huko mnawafukiza kama samaki, wakishindwa ndio mnatuletea!" Akachukua mkasi, akaukata ule uzi, akautupa kwenye ndoo.

Mama alitoa mlio mdogo. Nesi alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano, baba mdogo anatazama chini. Nikainama kwenye ndoo, nikautoa uzi, nikaukunja kiganjani na kumshika Mkumba mkono, uzi katikati ya mikono yetu. Nilimwangalia mama. Aliona. Akatikisa kichwa kukubali, na sindano ikaingia. Baba mdogo naye aliona, huyo mwanachuoni wetu, na akageuza uso ukutani kana kwamba anasoma bango la chanjo.

Siku ya tatu Mkumba aliomba muhogo. Leo ni dereva wa malori, ana watoto wanne, na tumbo lake usiniulize.

Mimi nilikuja kuwa nesi. Niwaambie jambo ninaloona haya kulisema: kwa miaka mingi nilikuwa nesi yule yule. Nilikata nyuzi. Nilipiga kelele juu ya moshi. Nilijua sasa kwamba degedege ni homa kali ya malaria inayopanda kichwani, na kwamba mtetemeko mara nyingi hukoma wenyewe baada ya dakika chache, uwe na chetezo au usiwe nacho. Nilidhani kwa kulijua hilo nimemmaliza Bibi Somoe.

Nilimwendea akiwa mzee sana, haoni vizuri. Nilimletea mchele na sukari, tukakaa, nikamuuliza nililokuja kuuliza.

"Bibi, ule ugonjwa ulijua ni malaria?"

"Jina sikulijua. Nilijua hauponi kwa moshi. Mjukuu wangu, nilizika wanangu watatu. Wote niliwafukiza vizuri. Wa nne nilimwiba, nikampeleka Mohoro kwa mganga wa serikali. Huyo alipona, ndiye baba wa mjukuu wangu Saidi."

"Sasa kwa nini hukuwaambia watu moja kwa moja waende hospitali?"

Alicheka, fizi tupu. "Baba yako mdogo aliwaambia moja kwa moja. Mama yako alimpa mtoto?"

Nikamuuliza na yule ndege, kama alikuwa wa kweli. Akaniambia nimuulize aliyemwona, na aliyekuwa dirishani ni mimi.

Nimejisemea kwamba alikuwa korongo aliyefukuzwa na moshi. Korongo si mgeni Rufiji. Ila hata siku moja, kabla ya ile wala baada yake, sijaona korongo ametua juu ya makuti ya nyumba ya mtu saa saba mchana, katikati ya kundi la watu wanaopiga kelele. Mahali hapo elimu yangu inasimama, na sioni haya kusimama nayo.

Siku ile nikiwa mtoto nilidhani watu watatu wanamgombea mdogo wangu: mmoja na kitabu, mmoja na moshi, mmoja na sindano, na kwamba lazima mmoja awe mwongo. Chuoni nilisoma miaka mitatu namna ya kumtibu mtoto mwenye degedege, kipimo cha dawa kwa uzito wake, mshipa wa kutafuta. Hakuna mwalimu aliyenifundisha namna ya kuifungua mikono ya mama yake. Hilo nilifundishwa nikiwa na miaka tisa, na ilinichukua karibu thelathini mingine kujua kwamba lilikuwa somo.